UZI: Marvão, kijiji cha jabalini ambacho wafalme wa Ureno walihangaika miaka mingi kukijaza watu

Mpanda Vilima (mleta mada)

Wakuu habari zenu, na wakubwa zangu shikamooni.

Tukisema ngome ya zama za kati huko Ulaya, wengi tunawaza jumba la tajiri: bustani, mazulia, bwana na bibi wamekaa mezani. Leo nawaletea ngome ya aina nyingine, ya mpakani, kwenye upepo, isiyo na raha yoyote. Inaitwa Marvão, iko Ureno, mkoa wa Alentejo, karibu kabisa na Hispania. Mimi naishi Lisbon kwa sababu za kazi, na hapo Marvão nimekuwa nikipanda kila nikipata nafasi. Nimeipenda sana historia yake, ndiyo maana naomba mnivumilie, uzi utakuwa mrefu.

Kwanza mahali penyewe. Alentejo kwa sehemu kubwa ni tambarare: mashamba ya ngano, mizeituni, na ile miti ambayo gome lake hubanduliwa kutengeneza vizibo vya chupa. Joto la kiangazi linachoma. Ukielekea mashariki, upande wa Hispania, ardhi inaanza kunyanyuka hadi unafika milima ya São Mamede, ambayo kilele chake kinapita mita 1,000 kidogo. Kusini mwa mto Tagus hakuna mlima mwingine Ureno unaofika hapo. Hali ya hewa inabadilika ghafla, unakuta mvua na mito midogo, hadi miti inayopenda baridi.

Marvão iko kwenye mojawapo ya migongo ya milima hiyo, kama mita 860 juu ya usawa wa bahari. Mgongo wenyewe ni mwamba mgumu sana wa kwatsaiti. Miamba laini ya pembeni ililiwa na mvua na muda, huo mgumu ukabaki umesimama peke yake, mrefu na mwembamba, kingo zake zimekatika wima. Kijiji chote kimebanwa juu ya mgongo huo na kuzungushiwa ukuta. Nyumba ni nyeupe, zimepakwa chokaa, milango na madirisha yamezungushiwa mawe ya granaiti. Njia zake ni nyembamba, gari mbili hazipishani. Mwisho wa kijiji, kwenye ncha, ndiyo imekaa ngome, imetokeza mbele ya nyumba zote kama omo ya jahazi.

Ukisimama kwenye kuta unaiona Hispania yote ya upande ule, na kukiwa hakuna ukungu unaona milima ya mbali kaskazini. Wenyeji wana msemo kwamba Marvão ndipo mtu anapowaona ndege mgongo. Ni kweli tupu. Nimesimama pale juu, tumbusi wanazunguka chini yangu, nayaona mabawa yao kwa juu, na manyoya ya mwisho yamepanuka kama vidole.

Hoja yangu ni moja, na ndiyo itakayobeba uzi huu: kuijenga ngome ile haikuwa kazi ngumu kuliko kupata watu wa kukaa ndani yake. Mwamba ulikuwepo na mawe yalikuwepo. Watu ndio walikuwa shida, na hadi leo ndio shida.

Naendelea chini.

Kisiki cha Mpingo

Nimeweka kambi. Shusha nondo mkuu, wengine tunajifunzia humu humu.

Mpanda Vilima

Sehemu ya pili: jina na mwanzo.

Kabla ya kijiji cha juu kulikuwa na mji chini. Warumi walijenga mji wa Ammaia bondeni, karibu na mto Sever, katika karne ya 1. Magofu yake yapo hadi leo kwenye kitongoji cha São Salvador da Aramenha na unaweza kuyatembelea: lango, uwanja wa mji, mabafu. Plinius, yule Mrumi aliyeandika kuhusu madini na viumbe, alitaja vilima vya Ammaia kwa ajili ya fuwele zenye uzito wa ajabu zilizokuwa zinapatikana watu wakichimba visima. Maana yake ardhi ile ilikuwa na utajiri wake, na watu waliishi bondeni kwenye maji na mashamba, mahali ambapo mtu mwenye akili timamu angeishi.

Waliopanda juu walipanda kwa sababu ya hofu. Mji wa chini ulipodhoofika na utawala wa Roma kusambaratika, jabali likawa kimbilio.

Sasa jina. Marvão limetokana na Ibn Marwan. Kwa sisi wa pwani jina Marwan si geni. Huyu ni Abd al-Rahman ibn Marwan, aliyeitwa al-Jilliqi, yaani wa kutoka Galicia. Ukoo wake ulikuwa wa wenyeji waliosilimu. Karne ya 9, wakati Andalusia, yaani sehemu ya Hispania na Ureno iliyokuwa chini ya Waislamu, inatawaliwa na amiri wa Córdoba, huyu bwana aliasi. Mwaka 868 aliongoza uasi katika mji wa Mérida, akashindwa, akachukuliwa Córdoba, akatoroka. Mwaka 875 akaanzisha mji wa Badajoz, ambao leo ni mji mkubwa upande wa Hispania. Na hili jabali alilitumia kama mahali pa kujifichia na kujihami. Mwandishi wa karne ya 10, Isa al-Razi, analitaja jabali hili kwa jina la Ammaia ya Ibn Marwan.

Kwa hiyo Mreno wa leo anayejivunia ngome yake ya kikristo anatamka jina la Mwislamu mwasi kila anapotaja anakotoka. Na wenyewe hawalifichi jambo hilo. Mwezi wa kumi hufanya tamasha linaloitwa Al Mossassa kumkumbuka Ibn Marwan, soko linapangwa kijijini, watu wanavaa mavazi ya zamani.

Bi Mkongojo

Marahaba mwanangu. Umenifurahisha kuanza na salamu. Swali langu ni la mtu aliyelelewa kwenye shida ya maji: hapo juu ya jabali walikuwa wanakunywa nini? Wewe unatueleza minara na ndege, mimi nawaza mama mwenye watoto watano na ndoo.

Mpanda Vilima

Mama, hapo umegusa moyo wa ngome yenyewe. Naomba nikae kidogo kwenye hili.

Juu ya mwamba wa namna ile huwezi kutegemea kisima. Tegemeo ni mvua. Ndani ya ngome, ukishapita tu lango, upande mmoja kuna mlango mfupi wenye ngazi za kushuka. Ukiingia unakuta birika. Nasema birika kwa ile maana ya misikiti yetu ya zamani, hodhi la maji, ila hili ni kubwa kiasi kwamba mara ya kwanza unadhani umeingia kanisani. Dari ni ya mawe, imeinama kwa mduara, inashikiliwa na matao yaliyopangana moja baada ya jingine kuelekea gizani. Hewa ni ya baridi hata mwezi wa nane. Maji yapo mpaka leo. Mtu akisema neno moja, sauti inakwenda, inagonga ukuta wa mwisho na kurudi.

Mvua ikinyesha, maji ya uani yalielekezwa humo. Birika likijaa, ngome inaweza kufunga milango ikakaa miezi bila kumtegemea mtu wa nje. Kuna jingine dogo sehemu ya ndani zaidi, karibu na mnara mkuu, kwa ajili ya siku ambayo adui ameshavunja lango la kwanza. Wajenzi waliwaza hivyo: kila hatua ya kurudi nyuma iwe na maji yake.

Watu wakija wanakimbilia kupanda mnara kupiga picha. Kwangu mimi birika ndilo jengo muhimu kuliko yote pale. Mnara unakusaidia siku ya vita, birika linakusaidia kila siku, na bila maji askari wa mnarani wanafungua mlango wenyewe baada ya wiki mbili.

Na lile swali la mama mwenye ndoo ndilo linaloeleza kwa nini watu hawakutaka kukaa juu. Mashamba yako chini. Mto uko chini. Kinu cha kusagia ngano kiko mtoni. Kila gunia la unga, kila mzigo wa kuni unapandishwa kwa punda au kichwani. Wakati wa amani, ukiwa mkulima, unaishije kule?

Fundi Mawe

Mkuu mimi ni mjenzi. Naomba kujua walijengea nini, na ile rangi nyeupe ni chokaa kweli au rangi ya kopo?

Mpanda Vilima

Fundi, kuta za ngome ni mawe ya hapo hapo yaliyoshikizwa kwa chokaa, na sehemu nyingi msingi ni mwamba wenyewe. Ukitembea pembeni unaona wazi: ukuta unaanza pale jabali linapoishia, na kuna mahali huwezi kusema hapa ndipo mkono wa mtu ulipoanzia. Mawe ya granaiti yametumika pembeni, kwenye matao ya milango na fremu za madirisha, kwa sababu yanachongeka vizuri kuliko kwatsaiti. Ile kwatsaiti inapasuka vibaya, ukiipiga nyundo inakupa vipande vyenye kona kali.

Nyumba za kijijini hupakwa chokaa, desturi ya Alentejo yote. Inapunguza joto na kuua wadudu. Madirisha kadhaa yana nakshi za enzi ya mfalme Manuel, mwanzo wa karne ya 16, mawe yamechongwa kama kamba zilizosokotwa. Nenda taratibu, utayaona. Mengine yako juu ya mlango wa nyumba ya kawaida tu ambayo nguo zimeanikwa.

Mwalimu wa Zamu

Mleta mada, uzi mzuri. Ila usituache hewani. Nani alikuwa bwana wa ngome? Wanafunzi wangu hujua kwamba kila ngome ilikuwa na kabaila wake aliyewakamua wakulima.

Mpanda Vilima

Mwalimu, nakujibu kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo hoja yangu ilipo.

Mfalme wa kwanza wa Ureno, Afonso Henriques, aliiteka Marvão kutoka kwa Waislamu kati ya mwaka 1160 na 1166. Baada ya hapo mpaka uliendelea kuyumba kwa miongo. Mwaka 1226 mfalme Sancho II akatoa hati ya kijiji. Hati ya namna hiyo iliwapa wakazi haki na mipaka ya ardhi yao, ikaeleza kodi watakayolipa na ile ambayo hawatalipa. Ilikuwa mkataba, kwa kifupi: njoo ukae kwenye mwamba huu, ulinde mpaka wangu, nami nitakupunguzia mzigo. Mfalme asingetoa hati kama watu wangekuwa wanagombania kwenda.

Aliyeifanya ngome iwe kama tunavyoiona ni mfalme Dinis, aliyetawala 1279 hadi 1325. Mwaka 1297 alifunga mkataba wa Alcañices na Castile, ufalme ambao leo ni sehemu ya Hispania, uliochora mpaka ambao kwa sehemu kubwa ndio uliopo hadi leo. Marvão ikawa iko mstari wa mbele kabisa. Lakini adui wake wa karibu alikuwa ndani ya nyumba. Mdogo wake, Afonso, alikuwa amemiliki Marvão na miji ya jirani, na alidai kiti cha enzi ni chake. Sababu yake ilikuwa kwamba Dinis alizaliwa kabla kanisa halijaitambua ndoa ya wazazi wao, kwa hiyo yeye ndiye mtoto halali. Ugomvi wa mirathi kama tunavyoujua, isipokuwa hawa walikuwa na majeshi. Mwaka 1299 Dinis akamwendea kwa nguvu, Marvão ikarudi mikononi mwa mfalme, na kuanzia mwaka 1300 akajenga mnara mkuu na kuimarisha kuta.

Toka hapo Marvão ikawa ngome ya mfalme. Aliyekaa pale alikuwa mkuu wa ngome aliyeteuliwa, pamoja na walinzi wake. Kwa hiyo yule kabaila wa kwenye vitabu vya shule, na familia yake na karamu zake, hapa sikumwona.

Sasa sikia hili, mwalimu, maana ndilo lililonifanya niipende historia hii. Mwaka 1378 mfalme Fernando aliitangaza Marvão kuwa mahali pa hifadhi kwa watu wanaotafutwa na sheria. Mtu aliyefanya kosa kwingine nchini, akikimbilia pale na kukaa, hakamatwi, kwa masharti yaliyowekwa. Makosa mazito mno kama uhaini hayakuhusika. Miji kadhaa ya mpakani ilipewa hadhi hiyo. Umeona mfalme alipofikia? Hati ya mwaka 1226 haikutosha, punguzo la kodi halikutosha, ikabidi awaambie wenye kesi: nendeni jabalini, tutasahau.

Waliokwenda walioa, walizaa, wakalima bondeni na kulala ukutani. Ninapopita kwenye zile njia huwa nawawaza hao kuliko wafalme. Mtu amemjeruhi jirani yake kwa ugomvi wa ng'ombe huko Beja, amekimbia usiku, anaona mwanga juu ya jabali, anajua akifika kule ameokoka, lakini pia hatarudi kwao.

Kisiki cha Mpingo

Duh. Kwa hiyo walinzi wa mpaka walikuwa wahalifu?

Mpanda Vilima

Baadhi yao, mkuu. Wengine walikuwa wakulima wa kawaida, mafundi, mapadri. Tusiwapake wote rangi moja.

Nahodha wa Kilindini

Assalamu alaykum wanajukwaa. Mimi ni wa Mombasa, nimekulia mita chache tu kutoka Ngome ya Yesu. Wareno hao hao. Je, kuna uhusiano wowote, au ni jina la nchi tu limefanana?

Mpanda Vilima

Waalaykum salaam nahodha. Uhusiano upo.

Ngome yenu ilianza kujengwa mwaka 1593, mchoraji wa ramani yake akiwa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Wakati huo Ureno haikuwa na mfalme wake. Tangu mwaka 1580 taji lilishikwa na mfalme wa Hispania, Felipe. Kwa hiyo wakati kuta za Mombasa zinapanda, Marvão ilikuwa haina kazi, maana pande zote mbili za mpaka alikuwa mtawala mmoja. Nguvu na fedha zilikwenda baharini, kwenye njia ya India.

Mwaka 1640 Wareno wakaasi na kumsimika mfalme wao. Vita ikaendelea hadi 1668, na mpaka ukawaka tena. Ghafla jabali lililosahauliwa likawa muhimu. Shida ni kwamba mnara wa mwaka 1300 ulijengwa enzi za mishale, na sasa kulikuwa na mizinga. Ukuta mrefu mwembamba mbele ya mzinga ni shabaha tu. Ikabidi waiongezee ngome kuta za chini, nene, zenye kona za kurushia risasi pembeni. Ukifika Marvão, nahodha, utazitambua mara moja zile buruji, maana ni elimu ile ile ya kijeshi uliyoizoea utotoni, tofauti ni kwamba Mombasa ilichorwa hivyo tangu mwanzo na Marvão ilibandikwa baadaye juu ya kazi ya zamani.

Na kuna jambo la watu pia. Mombasa ilizingirwa na Waomani kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Kilichowamaliza waliokuwa ndani kilikuwa maradhi kuliko risasi. Mwisho ukuta mzuri wa Cairati ulikuwa mzima, waliobaki kuusimamia walikuwa wachache mno. Hoja yangu ya watu na mawe inaanzia jabalini na kufika hadi kwenu.

Nahodha wa Kilindini

Ahsante ndugu yangu. Wazee wetu walituhadithia kuzingirwa kule kwa upande wa walioko nje. Upande wa ndani hatukuupewa.

Dada wa Setúbal

Kaka Mpanda Vilima, mimi pia niko huku Ureno. Umeruka Wayahudi. Huwezi kuongelea bonde lile ukawaacha.

Mpanda Vilima

Dada, nilikuwa nafika huko. Ahsante kwa kunivuta.

Chini ya Marvão, mtoni, kuna mahali panaitwa Portagem, palipokuwa forodha. Kuna daraja la mawe na mnara. Mwaka 1492 wafalme wa Hispania walipowafukuza Wayahudi, maelfu walivukia Ureno, na hii ilikuwa mojawapo ya njia zao. Mfalme João II aliwaruhusu waingie kwa kulipa kichwa kwa kichwa, na kwa wengi ruhusa ilikuwa ya miezi minane tu. Walioshindwa kuondoka kwa wakati walitendewa unyama. Miaka michache baadaye, mwaka 1496 na 1497, mfalme Manuel akatoa amri ya kufukuza, kisha akawalazimisha kubatizwa.

Mto Sever pale Portagem leo watu wanaogelea, kuna bwawa zuri, watoto wanaruka na kupiga kelele. Kuna kibao cha kumbukumbu. Ni mahali ambapo huzuni na uzuri vimekaa pamoja, na sidhani kimojawapo kinapaswa kumfukuza mwenzake.

Kilima cha jirani ni Castelo de Vide, mji wenye sinagogi la zama za kati lililobaki. Hapo ndipo alipozaliwa, mwanzoni mwa karne ya 16, tabibu Garcia de Orta. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliokimbia Valencia de Alcántara, ambayo ni umbali mfupi tu ng'ambo ya mpaka. Mwaka 1534 alipanda meli kwenda Goa, koloni la Wareno huko India, akaishi huko hadi kufa, na mwaka 1563 akachapisha kitabu kuhusu dawa na viungo vya India: karafuu, pilipili manga, iliki, tangawizi. Vitu ambavyo kwetu viko jikoni. Dada yake Catarina alichomwa moto na Baraza la Kuhukumu Wazushi mwaka 1569, na mwaka 1580 mifupa ya Garcia mwenyewe ikafukuliwa ikachomwa. Mtoto wa wakimbizi waliovuka mpaka ule mfupi alifika Bahari yetu ya Hindi, na bado walimfuata kaburini.

Bi Mkongojo

Mungu awarehemu. Endelea mwanangu, ila usisahau kutuambia kama mtu wa umri wangu anaweza kupanda.

Mpanda Vilima

Nitafika, mama.

Vita vilivyofuata nitavipitisha haraka, maana vinafanana. Mwaka 1704 majeshi ya Hispania na Ufaransa yaliiteka Marvão, 1705 Wareno wakairudisha. Novemba 1762, wakati wa Vita vya Miaka Saba, Wahispania walijaribu tena wakarudishwa. Mwaka 1807 wakaja Wafaransa wa Napoleon, wakatolewa 1808. Mwaka 1833, Wareno kwa Wareno, wafuasi wa ndugu wawili wa kifalme waliokuwa wakigombea taji, wakaipigania tena. Baada ya hapo mizinga ikawa na nguvu kiasi kwamba jabali halikuwa na maana kijeshi. Mwaka 1922 ngome ikatangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa.

Bora tuongelee mpaka wenyewe, kwa sababu mpaka uliwalisha watu zaidi ya ngome. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, 1936 hadi 1939, upande ule kulikuwa na njaa na uhaba wa kila kitu. Ureno ilikuwa na kahawa kutoka makoloni yake, Angola zaidi. Basi vijiji vya mpakani vikaishi kwa magendo ya kahawa. Wanaume, na wanawake pia, walibeba mizigo mgongoni usiku, wakapita vichochoro vya milimani wanavyovijua kwa miguu tu, wakawakwepa askari wa forodha wa pande zote mbili. Kahawa iliyolimwa na Mwafrika kwa shuruti huko Angola ikawa inavuka São Mamede gizani juu ya mgongo wa mkulima maskini wa Alentejo. Hawa wawili hawakujuana, na faida kubwa ilikuwa kwa wengine.

Mwaka 1880 reli ilifika, ikapita mbali kidogo chini ya jabali, kituo cha Beirã, chenye kuta za vigae vya kuchorwa vya buluu na nyeupe. Treni ya Lisbon na Madrid ilipita hapo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia wakimbizi wengi waliokuwa wanatafuta meli Lisbon waliingia Ureno kwa kituo hicho. Treni za abiria zilikoma mwaka 2012. Na forodha yenyewe ilishakufa mwaka 1995, udhibiti wa mipakani ulipoondolewa. Leo unavuka kwenda Hispania huoni hata askari mmoja.

Mwalimu wa Zamu

Na kijiji sasa? Watu wangapi wamebaki?

Mpanda Vilima

Ndani ya ukuta, mwalimu, ni kama mia moja hivi, wengi wao wazee. Wilaya nzima ya Marvão, pamoja na vijiji vya bondeni, ina watu takriban 3,000, na katikati ya karne ya 20 walikuwa zaidi ya mara mbili ya hapo. Ofisi ya halmashauri bado iko juu, ndani ya kuta. Kanisa la Santa Maria limegeuzwa makumbusho. Kuna nyumba za wageni na mikahawa. Asubuhi mabasi ya watalii yanapanda, jioni yanashuka, na baada ya hapo unasikia upepo tu na televisheni ya mtu.

Vijana wameshuka kama mababu zao walivyokuwa wakishuka kila amani ilipokuja. Shule na kazi ziko Portalegre au Lisbon. Nyumba nyingi ni za watu wa nje wanaokuja wikendi. Kwa karne nane serikali za Ureno zimejaribu kuwashawishi watu wakae juu ya mwamba ule, na jibu la watu limekuwa lile lile.

Kinachonipa matumaini ni kwamba wapo wanaojaribu bila kulazimishwa na mfalme. Tangu mwaka 2014 kuna tamasha la muziki wa klasiki kila mwezi wa saba, lililoanzishwa na mwongozaji wa okestra Mjerumani, Christoph Poppen. Wanapiga muziki ndani ya ngome, na hata birikani, kwa sababu ya ule mwangwi. Novemba kuna sherehe ya njugu za chesnati, wanazichoma barabarani kwenye moto wa kuni, kijiji kizima kinanukia moshi, na watoto waliohamia mijini wanarudi nyumbani. Siku hizo mbili tatu Marvão inajaa kama ilivyotamaniwa na Sancho, Dinis na Fernando. Mimi ningependa ijae pia Februari, kwa familia zenye watoto wa kwenda shule. Nyumba za bei nafuu za kupangisha kwa wenyeji, kabla ya kuongeza nyumba nyingine ya wageni, zingekuwa na maana kuliko kukarabati mnara tena.

Fundi Mawe

Hapo umenena. Nyumba ya mawe isipokaliwa, miaka mitano tu paa linaanza kushuka. Chokaa inataka mkono kila mwaka.

Dada wa Setúbal

Naunga mkono. Jirani yangu hapa ametoka kijiji cha bonde lile, anasema bibi yake alikataa kushuka hadi alipofariki. Nyumba imefungwa tangu wakati huo, ndugu wamegawanyika, hakuna anayekubali kuuza wala kukaa.

Kisiki cha Mpingo

Mkuu, na njia? Nikipata safari ya Lisbon, nafikaje?

Mpanda Vilima

Kutoka Lisbon ni zaidi ya kilomita 200. Basi linakufikisha Portalegre, ila mabasi ya kupanda Marvão ni machache mno, kwa hiyo afadhali ukodi gari au mchange watu wanne. Gari liache nje ya lango, uingie kwa miguu. Usiende Agosti mchana, jua ni kali. Aprili na Mei milima ina maua, Novemba ina njugu. Majira ya baridi ukungu unaweza kulifunika jabali lote, huoni hata mkono wako, na ukuta pembeni sehemu nyingine ni mfupi, kwa hiyo watoto washikwe.

Mama Bi Mkongojo, swali lako sijalisahau. Gari linafika hadi langoni, na kutoka hapo hadi ngome ni mwendo wa taratibu wa kupanda, mawe ya njia yanateleza kukiwa na mvua. Vaa raba. Mnara una ngazi nyembamba, huo uuache. Birikani kuna ngazi chache, shika ukuta, unafika.

Bi Mkongojo

Basi birikani nitafika. Mnara wapande nyie.